Nyama Tisini na Sita

Saa mbili kasorobo asubuhi Loretta Vukas alikuwa ameshabisha mara tatu, na mlango usingefunguka angebisha ya nne kwa buti. Hakuwa mtu wa kungoja. Miaka ishirini na miwili katika polisi ya jimbo ilimfundisha mengi, ila kutulia haikumfundisha, na tangu aache sigara mwezi wa nane ndiyo kabisa. Mikono yake ilikuwa haina kazi. Leo Alhamisi. Keshokutwa kampuni ya migahawa ya Hollenbeck ilikuwa inakuja hapa Brannock na bendi ya shule, na meya, na kibao cha shaba, kusherehekea miaka arobaini ya ile hambaga iliyoipatia kampuni jina Marekani nzima. Hambaga yenyewe ikiitwa Nyapara: nyama mbili, mkate wa tatu katikati, na mchuzi wa pinki unaochoma pua. Kwenye kibao palikuwa na nafasi ya jina la mtu aliyeibuni. Jina wanalo, la Dale Stroud, aliyekuwa mwenye mgahawa wao wa mji huu. Walichotaka kwa Loretta, ambaye sasa ni mpelelezi wa kukodiwa, ni ripoti moja ya kusema kwamba jina jingine halipo.

Jina jingine ndilo lililofungua mlango.

"Wewe ndiye mpelelezi," alisema Irma Hudak. "Nilidhani wataleta mwanamume. Ingia, ufute miguu."

Alikuwa mama wa miaka sitini na saba, mfupi, mikono minene ya mtu aliyefanya kazi ya jikoni maisha yake yote. Dirishani, kwenye kiti cha kuegemea, alikaa mumewe Emil na mpira wa oksijeni puani, mtungi wake wa magurudumu miguuni.

"Mapafu yake ameyaacha kule kiwanda cha chuma," Irma alisema. "Mwenzangu haongei sana, usimwone vibaya. Kahawa?"

"Kahawa, na unisimulie upya. Tangu mwanzo, usiruke kitu."

"Kwani nimeshamsimulia nani mpaka iwe upya? Miaka arobaini, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Akamimina kahawa bila kuuliza habari ya sukari. "Tarehe ishirini na saba Novemba, sitini na saba. Jumatatu, siku ya kulungu. Unaijua?"

"Baba yangu alikuwa anavaa buti tangu Jumapili."

Nani katika milima hii asiijue? Msimu wa kuwinda kulungu ukifunguliwa shule zinafungwa, kiwanda kinabaki na wagonjwa na walevi, na mwanamume atakayeonekana mjini siku hiyo huulizwa amepatwa na nini.

"Basi lori la nyama lilikuwa linatoka Ohio," Irma aliendelea. "Dereva mpya, hana habari na mambo yetu. Akatushushia mzigo wa Jumatatu ya kawaida. Nyama mbichi hiyo, friza hatuna, ikilala siku mbili ni ya kutupa. Na wateja wako wapi? Porini. Saa sita king'ora kikalia, wakaja wasichana wa kiwanda cha mashati. Nikawaambia, leo na nyinyi mtakula kama wanaume. Nikawapangia nyama mbili mbili kwa bei ya moja. Mafuta yakawa yanawachuruzika mpaka kwenye viwiko, nikachomeka mkate katikati uyanywe. Wakarudi kazini, wakawaambia wenzao wa zamu ya pili."

"Na mchuzi?"

"Mchuzi nilikuwa nao kwenye chupa yangu ya chakula cha mchana. Kren ya mama, ule mzizi mkali na bitiruti. Nikauvuruga na mayonezi ya dukani. Kila nyumba ya Kislovaki hapa inao siku ya Pasaka, wala si siri."

"Ulitengeneza ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa na mikono miwili na jiko moja."

Loretta alikuwa ameshainuka, anatembea kati ya jokofu na mlango na daftari lake. "Dale Stroud alikuwa wapi?"

"Alipiga simu asubuhi, ana homa, anakohoa utadhani roho inatoka. Mwaka ule ulikuwa wake wa kwanza, na kampuni ilikuwa imempa sharti kali: mwenye mgahawa awepo dukani kila siku ya Mungu, akikosa wanamnyang'anya. Akaniomba nimwandikie kwenye daftari kwamba alikuwepo. Nikamwandikia."

Loretta akasimama. "Umemwandikia wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Nilimhurumia, mjinga mimi."

Hapo Loretta aliona kesi nzima ya mama huyu imeanguka kwa mstari mmoja wa wino. Irma akavuta droo ya vijiko, akatoa chini yake bahasha iliyoiva umanjano.

"Januari sitini na nane nilikuja kusikia kampuni imepelekewa hambaga yangu, wameipenda. Nikamwambia Dale, ukiwaandikia tena utaje nani aliitengeneza. Keshoyake akanipa hii."

Ilikuwa barua ya kufukuzwa kazi, mistari minne, saini ya Stroud. Kwamba Irma Hudak, siku ya tarehe 27 Novemba 1967, aliiba vipande tisini na sita vya nyama ya mgahawa.

"Tisini na sita," Loretta alisema.

"Na siku aliyoandika ni hiyohiyo, hata hakuibadilisha. Mji mzima ukajua. Unaona, kila Alhamisi tunaminya pirogi, vile vya unga vilivyojazwa viazi, pale ukumbi wa kanisa, za kuuza Ijumaa. Wanawake ishirini. Funguo za jiko zinazungushwa, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Miaka arobaini nipo mezani pale na hazijawahi kunifikia. Hakuna anayenitukana, la. Zinaniruka tu. Kibao chenu mkitaka mkile. Mimi nataka mtu aseme mbele ya wale wanawake kwamba Irma hakuiba."

"Kuna aliyekuamini wakati ule?"

Irma akaelekeza kidevu dirishani. "Huyo. Hakuniuliza hata mara moja."

Emil alikuwa anatazama televisheni. Haikuwa imewashwa.

"Na wewe Mzee Hudak, siku ile ulikuwa wapi?"

"Porini," Emil alisema, akapumzika kidogo. "Na kaka yangu. Huko juu, kaunti ya Potter."

Loretta akaandika. Akaomba aichukue barua, akaahidi kuirudisha, akaacha kahawa nusu.

*

Dale Stroud alikaa juu kilimani, kwenye nyumba ya matofali ambayo Nyapara ilimjengea. Miaka themanini na moja, mrefu, na bado akikupa mkono anakuminya ili ujue. Alimpeleka Loretta kwenye chumba cha chini, penye moto na viti vya ngozi, na kuta zake zimejaa vichwa vya kulungu vilivyokaushwa. Chini ya kila kichwa palikuwa na kibandiko cha shaba chenye mwaka, kuanzia 1951, vimefuatana sawasawa kuzunguka chumba.

"Hati ya kiapo nilikwishawapa kampuni," alisema. "Sina la kuongeza. Kaa."

"Nasoma nikiwa nimesimama, Mzee. Ndivyo nilivyozoea."

Hati ilikuwa ya Machi 1968. Stroud aliapa kwamba Jumatatu ya tarehe 27 Novemba alisimama jikoni mwenyewe kutwa nzima, akabuni sandwichi ya nyama mbili, na siku hiyohiyo akauza tisini na sita. Loretta akaisoma huku anazunguka chumba.

"Mama, utanitia kizunguzungu."

"Mchuzi uliutengeneza na nini?"

"Mayonezi na ketchapu. Na pilipili."

"Pilipili inachoma ulimi. Ule unachoma pua."

Stroud akacheka. "Miaka arobaini, binti. Wewe jana umekula nini?"

Loretta alikuwa amefika kati ya kichwa cha 1966 na cha 1968. Pale palikuwa na ukuta mtupu. "Huyu wa sitini na saba alikwenda wapi?"

"Hayupo. Huo ndio mwaka pekee niliokosa msimu. Ningekwendaje na mimi nipo jikoni? Muulize yeyote mjini. Daftari la mahudhurio lipo, jina langu lipo, na mwandiko ni wa huyohuyo Irma anayewasumbua."

Alikuwa amejiandaa vizuri, na yote aliyosema yaliingiana. Loretta akaandika: *1967 hakuna kichwa*. Kisha akasogea karibu. Mbao za ukuta zilikuwa zimepigwa na mwanga wa miaka mingi mpaka zikawa rangi ya chai, isipokuwa pale, kwenye umbo la yai, ambapo zilikuwa bado nyeupe. Msumari wenyewe ulikuwepo.

Hakuugusa. Alitoa ile barua ya Irma, akaiweka mezani, akaweka hati ya kiapo kando yake. Moja ililala miaka yote chini ya vijiko, nyingine kwenye sefu ya kampuni kule Cleveland. Hazikuwahi kukaa meza moja.

"Hii uliiandika Januari. Hii Machi. Siku ni ileile. Sawa?"

"Sawa."

"Nyapara inazidi hambaga ya kawaida kwa nyama ngapi?"

"Swali gani hilo? Moja."

"Ukiuza Nyapara tisini na sita, nyama ngapi zimezidi hesabu ya siku?"

Stroud akaangalia karatasi, kwanza hii, kisha hii.

"Zilizoibwa zilikuwa nyingine."

"Nyingine tisini na sita. Barabara, wala isizidi moja."

"Mambo kama hayo hutokea."

"Mwezi Januari ulikuwa bado hujaulizwa uliuza ngapi, Mzee, ulikuwa na upungufu wa nyama tu, ukaona umbebeshe mtu. Mwezi Machi kampuni ikakuuliza uliuza ngapi siku ya kwanza, na namba uliyokuwa nayo kichwani ni hiyohiyo tisini na sita. Mimi sikulaumu. Namba zikishaingia kichwani hazitoki."

"Wewe unalipwa na nani?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nauliza tu. Maana nilidhani unalipwa na upande wangu."

Akainuka kwenda kupiga simu chumba cha pili. Loretta alikuwa na kama dakika mbili. Alikwenda kwa kichwa cha 1968, akakiinua kidogo kutoka ukutani, akaangalia mgongoni mwa ubao wake. Palikuwa na muhuri wa fundi aliyekikausha: *Rusnak, Coral Hill*. Akaangalia cha 1966. Huyo alikuwa wa fundi wa hapahapa Brannock. Basi kuna kitu kilichomfanya Dale Stroud, katikati ya hapo, ahamishie vichwa vyake kwa fundi wa kaunti ya pili, maili arobaini za kona na barafu.

*

Simu ilimkuta barabarani. Alikuwa Whitcomb, wakili wa Hollenbeck.

"Bi. Vukas, nimepigiwa na Bwana Stroud. Anasema unamfanyia hesabu."

"Hesabu aliifanya mwenyewe, mimi nimeisoma tu. Wizi ule haukuwepo."

"Labda haukuwepo. Na kibao hakisemi habari ya wizi. Kinasema nani alisimama jikoni, na daftari linasema ni Stroud. Una shahidi mwingine zaidi ya bibi mmoja aliyefukuzwa kazi?"

Loretta akatafuna bazoka yake, ya tano tangu asubuhi. Kilichomuudhi ni kwamba wakili alikuwa anasema kweli.

"Sina."

"Basi niletee ripoti, tumalize."

"Nipe mpaka saa kumi na moja."

"Saa kumi," Whitcomb alisema, akakata.

Mzee Rusnak alikuwa amekufa zamani, lakini duka lake la kukaushia wanyama bado lilikuwepo Coral Hill, na binti yake Fern alikuwa mezani anachambua macho ya kioo, ya kulungu huku, ya dubu kule. Loretta akamwonyesha kitambulisho na kumwambia anachotafuta: Dale Stroud wa Brannock, Novemba sitini na saba.

"Kama alileta, yupo," Fern alisema. "Baba alikuwa hapokei kichwa bila kumpiga picha mwenyewe papo hapo, kwenye gari. Watu wa kulungu hawaaminiki, wanakuja kugombana baadaye nani alimpiga." Akashusha albamu kutoka rafu ya juu, akafunua kurasa kwa kidole chenye gundi. "Stroud, Stroud. Huyu hapa. Loo, dume zuri. Pembe za ncha nane. Na hapa baba ameandika: asipelekwe gazetini. Hilo ndilo jambo la ajabu. Kwa kawaida wanatuomba tuwapeleke."

Picha ilikuwa ndogo, kona zimekunjamana, tarehe imepigwa muhuri pembeni: 27 NOV 1967. Stroud wa miaka ile, kofia ya manyoya, anacheka meno yote thelathini na mawili. Wala hakuwa na homa. Ameshika pembe ya kulia ya kulungu, na kulungu amelazwa nyuma ya gari lililo wazi.

"Ndiye," alisema Loretta. Moyo wake ulikuwa umepata moto. Hiyo peke yake ilitosha. Mtu hawezi kuwa jikoni Brannock na Coral Hill na kulungu kwa wakati mmoja. "Nitahitaji kuichukua. Nitakuandikia risiti."

"Chukua. Na huyu mwingine unamjua?"

Pembe ya kushoto ilikuwa imeshikwa na kijana mwembamba ambaye hakucheka. Loretta aliigeuza picha. Mzee Rusnak alikuwa na mwandiko mzuri, wa shule ya masista: *D. Stroud, mpigaji. E. Hudak, shahidi.*

Loretta akavuta kigoda akakaa. Fern akamuuliza kama anataka maji.

*

Saa nane na nusu Emil ndiye aliyemfungulia, polepole, mtungi ukimfuata nyuma.

"Irma yuko kanisani. Alhamisi hii."

"Najua. Nimekuja kwako."

Akampa picha palepale mlangoni. Emil aliiangalia kwa muda ambao mtu mwenye afya angeshasoma barua nzima. Kisha akarudi jikoni, akakaa kwenye kiti cha Irma, akaiweka mbele yake juu ya kitambaa cha meza.

"Nilisema Potter," alisema.

"Ulisema."

"Kaka yake Dale alikuwa nyapara wangu kule kiwandani. Mimi nilikuwa tanuruni. Unajua tanuru? Unatema nyeusi mpaka Jumapili." Akangoja pumzi imrudie. "Akaniambia, nenda ukamshikie Dale bunduki, watu wake wa hambaga wasijue. Ukifunga mdomo nitakuweka kwenye winchi, kazi ya kukaa. Nikaenda. Desemba nikapanda winchi."

"Januari Irma akafukuzwa."

"Watoto watatu, binti. Mdogo wa miezi minne. Ningesema, ningerudi tanuruni au ningekosa kazi kabisa." Akapumua. "Nikasema nitangoja mwaka upite. Ukipita mwaka inakuwa ngumu. Ikipita kumi haisemeki tena. Yeye akawa anawaambia watu, Emil hakuniuliza hata mara moja, akawa anajivunia. Ningeuliza nini?"

Loretta alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amehoji wauaji waliomsikitisha kuliko huyu, na wezi waliomkasirisha kidogo zaidi, na hakujua leo aanze na huruma au na hasira. Saa ya ukutani ilisema nane na dakika arobaini.

Emil akafungua droo, akatoa mkasi wa Irma wa kushonea. Akaweka ncha ya kidole juu ya picha, kati ya kichwa cha kulungu na yule kijana mwembamba.

"Kata hapa. Dale anabaki, tarehe inabaki. Kesi yako imekwisha. Irma anapata jina lake, na mimi... Nimebakiza miaka miwili. Daktari amesema miwili, kwa kunistahi tu."

"Nikikata hapa mkono wako unabaki kwenye pembe. Wakili atauliza mkono huu ni wa nani. Nikikata na mkono, ataniuliza kwa nini picha imekatwa, ataitupa, na atakuwa na haki. Na nyuma kuna jina lako." Loretta akauchukua mkasi, akaurudisha kwenye droo. "Mzee, saa kumi nampelekea ilivyo. Irma ataisoma gazetini Jumapili. Au ataisikia kwako sasa hivi. La tatu silioni."

Nje gari la taka lilipita, likasimama kwa jirani, likaondoka. Emil alikuwa anavuta pumzi kupitia ule mpira, inaingia, inatoka.

"Niletee koti," alisema mwishowe. "Lile la Jumapili. Limetundikwa nyuma ya mlango."

*

Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, ngazi kumi na mbili, na iliwachukua karibu dakika tano kuzishuka, Loretta amebeba mtungi, Emil ameshika ukuta. Chini kulikuwa na mvuke wa viazi na kitunguu cha siagi, na meza tatu ndefu zilizounganishwa, na wanawake wamejipanga huku na huku, mikono nyeupe kwa unga, wanaminya pirogi kingo kwa kingo na kuongea wote kwa pamoja. Irma alikuwa mwisho kabisa, karibu na sinki. Kwenye kichwa cha meza alikaa Dorothea Yurko, mwenye funguo za mwaka huu, bibi wa miaka themanini na kitu.

Mwanamume hakuwa anaingia pale siku ya Alhamisi. Mazungumzo yakapungua, yakaisha.

"Emil," Irma alisema. "Nani amekuruhusu kushuka ngazi? Umekosa dawa?"

"Sijakosa." Akashika mgongo wa kiti. Loretta alimwekea kiti kingine nyuma yake lakini hakukaa. "Nina neno, nyinyi nyote. Sina pumzi nyingi, basi mnivumilie."

Dorothea Yurko akatega sikio kwa mkono wenye unga.

"Ile siku ya kulungu ya sitini na saba, Dale Stroud hakuwa jikoni. Alikuwa Coral Hill, na kulungu. Picha hii hapa. Hambaga ilitengenezwa na Irma peke yake, na zile nyama wanazosema kaiba, ziliingia kwenye hambaga. Hakuiba hata moja." Akangoja. Mtungi ulifanya sauti yake. "Mimi najua kwa sababu nilikuwa naye. Nilikuwa na Dale, kutwa nzima. Nilijua siku ile, na nilijua walipomfukuza, na sikusema. Nilipewa winchi."

Mwanamke mmoja katikati ya meza akajifanyia ishara ya msalaba. Mwingine aliweka chini kijiko chake, taratibu, asije akapiga kelele. Loretta alikuwa anamwangalia Irma.

Irma hakumtazama mumewe. Alikuwa na pirogi moja mkononi, iliyojazwa na bado haijafungwa, akaifunga, akaminya kingo zake moja moja mpaka mwisho, akaiweka kwenye trei pamoja na nyingine. Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole.

"Ulirudi saa moja jioni," alisema. "Nilikuwa nimekuletea mbili. Nimezifunga kwa karatasi, nikazifunika na taulo zisipoe. Nikakwambia, leo nimebuni kitu, onja. Nikakaa mbele yako nikakuangalia unavyokula. Nikakuuliza, tamu? Ukasema tamu, Irma."

"Zilikuwa tamu," Emil alisema.

"Najua zilikuwa tamu. Wamezila mpaka Japani."

Alizunguka meza, mkono ukipita juu ya migongo ya viti vya wale wanawake, akafika alipokuwa mumewe. Loretta alidhani atampiga, na nusu ya meza ilidhani hivyo. Irma akamkalisha kwenye kiti, akamnyoosha mpira wa oksijeni uliokuwa umejikunja shingoni, akasimama kando yake na mikono kiunoni.

"Sasa sema tena," alimwambia. "Upaze sauti. Dorothea hasikii vizuri."

Emil akavuta pumzi, akaanza upya.